Mashine Husema "Metali". Haisemi "Bomu" Wala "Jembe"

Na Mwandishi Wetu

Mama mmoja, mjane wa askari polisi, akaaye katika kijiji kilichoko kando ya barabara itokayo Busia kwenda Tororo, alikuwa na haja moja tu kwetu. Alitaka jembe. Si jembe la kulimia, kwani hayo yanauzwa sokoni Busia kila siku. Alilitaka jembe la mama mkwe wake, lililofuliwa na wahunzi wa Kisamia, likatolewa mahari zamani hizo na kurithiwa katika nyumba ile mpaka likafika mikononi mwake. Mwezi wa Machi mwaka 1979, milio ya bunduki iliposikika upande wa Tororo, alilifunga jembe hilo katika gunia, akaweka pamoja nalo kopo la sarafu, akavifukia nyuma ya jiko. Kisha akawakusanya watoto wake watatu, akavuka mpaka kuingia Kenya.

Aliporudi alikuta nyumba imeezuliwa na jiko limebomolewa hata msingi hauonekani. "Nyuma ya jiko" pakawa mahali pasipojulikana tena. Miaka zaidi ya arobaini amelilima shamba lile, akipanda muhogo, mtama na maharagwe, na kila msimu alipoinua jembe la dukani alikuwa na tumaini kwamba litagonga lile la zamani. Halikugonga. Sasa mjukuu wake wa kwanza wa kike alikuwa anangojea kuja kuposwa baada ya mavuno, na bibi huyo alitaka siku hiyo jembe liwemo nyumbani.

Tulioitwa tulikuwa wawili. Wa kwanza ni sajini mstaafu wa kikosi cha wahandisi, aliyetumia miaka mingi ya utumishi wake akiondoa mabomu ya kutegwa ardhini kaskazini mwa Uganda, mpaka mwaka 2012 nchi ilipotangaza kwamba maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu hayo yamekwisha kusafishwa. Wa pili ni mimi mwandishi, niliyekuwa nimenunua mashine ya kugundua metali juma moja tu kabla ya siku ile, na tayari nilikuwa nikijiona fundi.

Nawaeleza wasomaji jinsi nilivyojifunza kwa sababu najua kwamba wengi wenu, hasa nyinyi mliostaafu jeshini na polisi, mmekwisha kushawishiwa kununua mashine kama hii. Wengine wameambiwa iko dhahabu iliyofukiwa na askari wa Amin walipokuwa wakikimbia. Habari za hazina hiyo nimezisikia tangu utotoni, na kila anayezisimulia huwa amezipata kwa mtu aliyezipata kwa mwingine. Mimi sijaonyeshwa hata punje moja.

MASHINE INAVYOSIKIA

Wachimbaji wengi wa dhahabu katika Afrika Mashariki huiita ditekta. Ina mpini, kisanduku chenye betri, na chini yake sahani ya duara. Ndani ya sahani zimo nyaya za shaba zilizozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri hupita katika nyaya hizo ukigeuka huku na huku mara maelfu kwa sekunde moja, na kwa ajili hiyo sahani hutoa nguvu ya sumaku inayopenya udongoni. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo hutoa nguvu yake ya sumaku, ambayo hurudi juu na kupokewa na nyaya nyingine zilizomo katika sahani ile ile. Mashine hupiga kelele. Kazi yake yote ni hiyo.

Basi na ieleweke tangu mwanzo kwamba mashine haioni. Haijui umbo la kitu wala thamani yake. Hujua tu kwamba chini pana kitu kinachopitisha umeme au kinachovutwa na sumaku, na kutokana na namna mwangwi unavyorudi hukisia kama ni chuma, au ni shaba, fedha na jamaa zake. Sarafu moja huweza kusikika katika kina cha shubiri hivi. Kitu kikubwa kama kichwa cha jembe huweza kusikika katika kina cha nusu mita, udongo ukiwa mwema.

Ubishi juu ya mashine hizi ni wa siku nyingi. Mwaka 1881, rais wa Marekani James Garfield alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, aliletwa na chombo chake kuitafuta risasi mwilini mwa mgonjwa. Hakuipata, na inasemekana springi za chuma za kitanda ndizo zilizochanganya sauti. Garfield alifariki mwezi Septemba mwaka huo. Baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, afisa wa Kipolandi aitwaye Józef Kosacki alitengeneza huko Uingereza chombo cha kutafutia mabomu ambacho askari mmoja aliweza kukibeba, kikatumika El Alamein mwaka 1942. Uzito wake ulikaribia kilo 14. Ya kwangu haifiki kilo mbili, na bado mkono uliniuma siku ya kwanza.

Na wako matapeli. Huuza kijiti chenye antena, kisicho na sahani ya nyaya, wakidai kwamba hunusa dhahabu umbali wa mamia ya mita. Msiwacheke wanaodanganywa. Mwaka 2013 Mwingereza James McCormick alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kuyauzia majeshi na polisi wa nchi mbalimbali, Iraki ikiwamo, vijiti vya namna hiyo kwa jina la vyombo vya kugundua mabomu. Havikuwa na uwezo wowote, na katika vituo vya ukaguzi vya Baghdad watu waliviamini.

SIKU TATU NYUMA YA NYUMBA

Nilidhani tutakwenda shambani kwa mama siku ile ile. Sajini alikataa. Alinichukua mpaka nyuma ya nyumba yake mjini Tororo, mahali ambapo mwamba mkubwa wa mji ule unaonekana wote, akaniamuru nivue saa, pete na mshipi wenye bakoli ya chuma, na simu niiache ndani. Kisha akafukia vitu kumi, kila kimoja na kijiti chake: shilingi, msumari wa nchi nne, kizibo cha soda, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kijiko, wembe, ganda tupu la risasi alilolikagua mwenyewe, ufunguo, kipande cha waya wa shaba na kifuniko cha sufuria. Akanipa daftari la shule na penseli.

"Kijana," akasema, "usiniambie umesikia kitu. Niambie umesikia nini."

Nilipita juu ya kila kijiti mara ishirini, nikiandika. Msumari ulinguruma kama mtu anayekohoa. Shilingi ililia kama kengele ndogo. Kizibo cha soda kilinidanganya, kikalia karibu kama shilingi, ila sauti yake ilikatika nilipopita upande wa pili. Karatasi ya sigara ilitoa sauti nyembamba ya katikati, na sajini akaniambia kwamba sauti ya namna hiyo hiyo ndiyo itokayo katika chembe ndogo ya dhahabu. Atakaye dhahabu kwa mashine, basi, hana budi kuchimbua takataka nyingi za watu waliokunywa na kuvuta sigara. Nawasihi wanaoota utajiri wa haraka wayasome tena maneno hayo.

Siku ya pili nilifundishwa kutembea. Sahani huenda sambamba na ardhi, karibu kuigusa, haiinuki mwisho wa kila mpigo kama fyekeo la majani. Askari mpya ana tabia ya kufyeka, akasema sajini, na kwa kufyeka huacha nusu ya ardhi bila kuisikiliza. Hatua ni fupi, na kila mpigo hufunika nusu ya mpigo uliotangulia. Ukisikia sauti, unapita juu yake kwa njia mbili zinazokatana kama msalaba, na pale zinapokatana ndipo kilipo kitu. Visikizio vya masikioni ni lazima, kwa kuwa sauti iliyo muhimu huwa hafifu, na kwa kuwa kelele za mashine huwaita watoto wa kijiji kizima.

Siku ya tatu ilikuwa ya udongo, na hapa nilikaribia kukata tamaa. Alinipeleka chini ya vilima vya Sukulu, vinavyojulikana kwa fosfeti yake. Nikawasha mashine, nayo ikapiga kelele kila mahali. Sajini alitoa mfukoni sumaku iliyong'olewa katika spika ya redio mbovu, akaiburura udongoni, akanionyesha. Ilikuwa imeota ndevu nyeusi. Udongo wa Sukulu una magnetaiti, madini ya chuma yavutwayo na sumaku, na ukienda kusini kwenye vilima vya Samia unakuta mawe yenyewe ni ya chuma. Mashine iliyotoka kiwandani Ulaya au Marekani, ikaletwa katika ardhi hiyo bila kurekebishwa, ni sawa na mtu aliyetiwa sokoni akaambiwa asikilize mnong'ono.

Dawa yake ni kuifundisha mashine ardhi ilivyo. Unatafuta mahali pasipo na metali, unainua na kushusha sahani juu yake taratibu, huku ukigeuza kirekebishi mpaka kelele itulie. Mashine nyingi za sasa hufanya hivyo zenyewe ukibonyeza kitufe, lakini hapana budi kurudia kila unapohama, kwani udongo wa juu ya kichuguu si udongo wa bondeni.

WAHUNZI WA SAMIA

Kabla ya kuingia shambani, yafaa nieleze jembe lenyewe lilikuwa nini. Wasamia wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wahunzi mashuhuri. Waliyachimba mawe ya chuma katika vilima vyao, wakayayeyusha katika matanuri ya udongo kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na vipuli. Majembe yao yaliuzwa mpaka Busoga na kwa Waluo. Yalilima, yalinunua mbuzi, na yalitolewa mahari. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipofurika, matanuri yakapoa, na leo mabaki yake ni mavi ya chuma, yale madonge meusi mazito ambayo watoto huyaokota bila kujua ni ya nini, na vipande vya mirija ya udongo iliyopeleka upepo motoni.

Si Wasamia peke yao walioacha alama. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Uganda ilipita Mumias na kuingia Busoga kwa upande huu, na askari wa Kisudani walioasi mwaka 1897 walipita Mumias wakielekea ngome ya Luba. Reli ilipita Tororo katika miaka ya 1920. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na sarafu zake za senti zenye tundu katikati, ambazo wazee walizitunga katika kamba, bado hulimwa mashambani. Shilingi zilizotolewa tangu mwaka 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo ya fedha halisi. Za baadaye hazina.

Halafu ziko alama za vita. Tarehe 2 Machi 1979 wapiganaji wa Kiganda waliompinga Amin walivuka kutoka Kenya wakaushambulia mji wa Tororo, na sehemu ya askari wa kambi ya hapo ikaasi na kujiunga nao. Mapigano yalidumu mpaka tarehe 4, na askari wa Amin wakaurudisha mji mikononi mwao. Jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nalo walifika huko kabla ya vita kwisha mwanzoni mwa Juni. Na mwezi Desemba mwaka 1987 risasi zilirushwa hapo Busia penyewe, baina ya askari wa nchi hizi mbili. Katika ardhi hii, basi, chuma cha mahari na chuma cha vita vimelala katika kitanda kimoja.

MASHINE NILIYOIZIBA MASIKIO

Sasa nitakiri kosa langu. Karibu kila mashine ina kichujio: unaweza kuiamuru isipige kelele kwa chuma, ili usipoteze siku nzima ukichimbua misumari na nyaya. Kitabu kilichokuja na mashine yangu, kilichoandikiwa watu wanaotafuta sarafu na pete katika fukwe za nchi nyingine, kinamshauri mwanafunzi aanze hivyo. Nikafanya hivyo. Siku ya kwanza shambani kwa mama nilipita safu kumi na mbili baina ya kamba tulizozitandaza, nikapata vizibo vya soda, senti kumi yenye tundu ya mwaka 1952, na maganda manne ya risasi.

Kwenye ganda la nne sajini aliinua mkono. Kazi ikasimama. Alimwendea mama aliyekuwa ameketi kivulini, akapiga goti moja, akamwuliza: "Mama, hapa askari walilala?"

"Walilala pale chini ya mwembe," akajibu. "Siku tatu au nne. Waliacha na vyombo vyao. Kimoja kipo mpaka leo, watoto hukifungia mbuzi."

Tulikwenda kutazama, sajini akitangulia na mimi nikiambiwa nikanyage alipokanyaga yeye. Katika ukingo wa mfereji, mvua ilipokuwa imelila udongo, kilichomoza kipande cha chuma chenye mapezi, kirefu kama kiganja. Kamba ya katani ilikuwa imefungwa juu yake, na mwisho wa kamba alikuwako mbuzi akitafuna majani. Ulikuwa ni mkia wa bomu la mota.

Sijawahi kumwona mtu akinena polepole namna ile. Alimwambia mama awaite watoto wote upande wa barabara. Hakumfungua mbuzi kwa kuvuta. Aliikata kamba kwa kisu shingoni mwa mbuzi, mkono mwingine umemshika, akamwacha aende zake. Tukarudi kwa nyayo zetu wenyewe. Tulitandaza kamba ya pili kwa mbali, tukaitundikia vitambaa vyekundu, mwenyekiti wa kijiji akaarifiwa, na polisi wakapigiwa simu kutoka barabarani, si kutoka pale.

Mashine yangu ilikuwa imepita hatua nne tu kutoka mahali pale nusu saa iliyotangulia. Haikusema neno. Ningepita juu yake kabisa isingesema, maana nilikuwa nimeiamuru isisikie chuma. "Umeiziba masikio," akaniambia sajini, "halafu ukaenda nayo vitani."

Wataalamu walifika siku ya pili yake, wakaliteketeza bomu mahali hapo hapo, wakaupekua ukingo wote wa mfereji kwa vyombo vyao. Mlipuko ulitikisa madirisha ya shule. Mama yule hakulia wala hakupiga kelele. Aliwahesabu wajukuu, akafika saba, akaanza tena kuhesabu.

KWA AKINA MAMA NA VIJANA WA NYUMBANI

Ukurasa huu husomwa pia na wenye nyumba katika kambi na vijiji, basi niseme wazi. Kitu cha chuma chenye mapezi, chenye pua iliyochongoka, chenye umbo la chupa, yai au kopo, chenye mistari ya rangi au maandishi yaliyofifia, hakiguswi. Hakimwagiwi maji, hakitupwi motoni, hakigongwi kuona kama ni kizito, hakipelekwi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hata kama mtoto ameahidiwa sukari. Kutu si dalili kwamba kimekufa; mara nyingi kikiwa na kutu huwa kibaya zaidi. Weka alama kwa mbali, rudi kwa njia uliyojia, wazuie watu na mifugo, ita polisi. Redio za mawasiliano na simu zitumieni mkiwa mbali. Na yale maganda makubwa ya mizinga yanayotumika kama vyombo vya maua au kengele, mwonyesheni mtu wa uhandisi mara moja, hata kama yamekaa hapo tangu enzi ya baba.

Kwa anayenunua mashine, neno langu ni hili: mashine ya dukani si chombo cha kutegulia mabomu, na kuwa askari wa miguu miaka ishirini hakukufanyi mtegua mabomu. Mahali panapojulikana kuwa palipiganwa, palikuwa kambi au handaki, usitafute. Mimi nilikuwa na sajini. Wewe huenda huna.

Na hata mahali pasipo na vita, shamba lina mwenyewe na nchi ina sheria. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi, mwarifu mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi. Uganda ina sheria ya makumbusho na mambo ya kale ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Kenya inayo ya mwaka 2006. Kwa zote mbili, vitu vya kale vinavyofukuliwa si mali ya kuuza kwa anayepita njia, wala havivushwi mpaka bila kibali. Kutafuta dhahabu nako kuna leseni yake, Uganda kwa sheria ya mwaka 2022 na Kenya kwa ile ya 2016. Anayekusudia kupita na mashine yake kwenye kituo cha pamoja cha mpakani Busia na aulize kwanza kwa maofisa, asije akaulizwa yeye.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulidharau. Kitu cha kale kikitolewa ardhini bila kuandikwa kilipatikana wapi, katika kina gani na pamoja na nini, kimenyang'anywa nusu ya habari yake. Upande wa juu wa shamba la mama tulikuta mavi ya chuma mengi na kipande cha mrija wa tanuri. Hatukuvichimba. Sajini alipima hatua kutoka mwembeni na kutoka barabarani, akachora katika daftari, akaandika barua kwa Makumbusho ya Uganda, Kampala. Tanuri likifukuliwa kwa sururu ya mtu mwenye pupa, hata mtaalamu hatalirudisha.

NYUMA YA JIKO

Tulirejea baada ya siku tano. Nilikuwa nimeondoa kichujio, na sasa mashine ilisema yote: misumari, nyaya, vifuniko, kila kitu. Ilichosha. Lakini upande wa mashariki, karibu na migomba, kulikuwa na mahali ambapo haikulia hasa, bali ilivuma tu, vuu, katika eneo lenye upana wa mkeka. Nilidhani ni ule udongo wenye magnetaiti, nikataka kuirekebisha upya. Sajini akanizuia. Akachukua udongo kidogo kwa mwiko, akauvunja kiganjani. Ulikuwa mwekundu na mgumu, na ndani yake chembe za makaa. Udongo uliochomwa moto miaka mingi hubadilika, nao huzidi kuvutwa na sumaku. Mashine ilikuwa imetuonyesha mafiga.

Mama alipoitwa alisimama pale, akageukia barabara, kisha mwembe, kisha akarudi nyuma hatua tatu na kutulia. "Mlango ulikuwa hapa," akasema. "Nilitoka kwa mlango huu, nikazunguka."

Tulizunguka. Kwenye hatua ya sita kutoka mafigani mashine ilinguruma, nene na pana. Safari hii mimi sikugusa kitu. Sajini alinituma mimi na mama mpaka barabarani, akalala kifudifudi, akachimba kutoka ubavuni kwa mwiko na vidole, akiweka udongo juu ya gunia. Ilimchukua karibu saa nzima kushuka kina cha shubiri mbili. Halafu akainuka akapunga mkono.

Gunia la zamani lilikuwa limeoza, limebaki kama nywele chache. Jembe lilikuwamo: bapa pana, limeliwa pembeni, lenye mkia uliochongoka wa kupachikwa mpinini. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Kopo la sarafu hatukulipata. Palikuwa na senti mbili zenye tundu na vumbi la kutu, na mama akasema labda kuna aliyelifikia kabla yetu, au labda kopo lenyewe limekwisha, na hilo halikuwa kitu kwake.

Tukafukia mashimo yote, tukayakanyaga, ng'ombe asije akavunjika mguu. Tulipofika uani, mjukuu yule wa kuposwa alikuwa amekwisha kuleta maji ya beseni na jivu la kusugulia. Sajini akaruka. Chuma kilichokaa ardhini miaka mingi, akaeleza, hakioshwi kwa maji, kitapasuka na kumeguka. Kikaushwe kivulini, kipigwe brashi laini, kisha kipakwe mafuta.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Afande," akasema, "bomu umelijua wewe. Jembe hili nalijua mimi. Mama mkwe wangu hakulitia maji hata siku moja." Akamwambia mjukuu ayamwage maji yale kwenye migomba, alete samli.